Nguruwe wa Firmin

Ukumbi mzima ulikuwa unacheka mpaka viti vinalia, isipokuwa watu wawili. Kwenye kitambaa cheupe cha sinema, mwuza nyama alikuwa anapigana na nguruwe ghalani chini ya nyumba, na ukoo wake wote, wamevaa nguo za harusi, wanaimba kwa nguvu ili Wajerumani wasisikie mlio. Askari mmoja akaingia ghafla. Wakamsukumia bibi harusi wa uongo acheze naye. Watu wakashika mbavu.

Léontine hakucheka. Safu mbili mbele yake, Gaston mwoka mikate naye alikuwa ameinamisha kichwa. Léontine aliitazama shingo ile kuliko alivyoitazama filamu. Kando yake mama mkwe wake, Bibi Apolline, alikuwa anafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya shali. Uzee ulikuwa umemrudisha utotoni, na siku hizi hata vita alivisimulia kama mambo ya kijiji kingine.

Taa zikawaka. Katika klabu ya filamu ya mji ule hakuna aliyeondoka kabla ya maoni. Mwalimu Vauquelin alishasimama mbele, mikono nyuma.

"Haya, nani anaanza? Na msiniambie tu kwamba imechekesha."

"Imechekesha!" akapaza sauti fundi viatu, na ukumbi ukaangua kicheko tena.

Mama wa posta akasema yeye imemuudhi. "Watu tulilala na njaa, leo mnafanya mzaha. Mimi siagi niliinunua kwa pete yangu ya ndoa!"

"Kwani aliyekuuzia nani?" mtu akamchokoza kutoka nyuma. "Si yumo humu humu?"

Waliocheka safari hii walikuwa wachache.

"Ni uongo mtupu," akasema mstaafu mmoja wa reli. "Askari wote wamefanywa mapoyoyo. Wale waliopanga mtaani kwetu hawakuwa mapoyoyo hata kidogo."

Léontine akasimama. Maneno haya alikuwa ameyabeba tangu Februari ile ya vita, na aliona asipoyasema leo atazikwa nayo.

"Na mimi nina maoni. Filamu hii imeisha vizuri kwa sababu hakuna msaliti ndani yake. Kwangu alikuwepo."

Kila mtu aliijua habari ya Firmin, mumewe. Wakati wa vita, Wajerumani walipopiga marufuku kuchinja, alichinja nguruwe kwa siri alfajiri, na jioni ile ile askari wakawa mlangoni. Hawakupekua chumba hata kimoja, walishuka moja kwa moja mpaka ghalani. Firmin alipelekwa Ujerumani, na hakurudi.

"Nguruwe akichinjwa, majirani hupelekewa sahani ya soseji za damu," Léontine akaendelea. "Ndivyo tulivyolelewa wote humu. Nilimwambia Firmin, mwaka huu tuache, tutakamatwa. Akasema mama atanuna, basi tutoe sahani moja tu, ya Gaston, tuliyekua naye. Mama akaipeleka kwa mkono wake. Sahani moja, mlango mmoja! Sasa Gaston, simama. Waambie watu ulikwenda kumwambia nani."

Gaston akainuka taratibu. Miaka yote hii Léontine alikuwa akipita mbele ya duka lake bila salamu, akienda kununua mkate mji wa pili kwa baiskeli, mvua inyeshe au isinyeshe.

"Soseji zilifika, Léontine," akasema. "Zilikuwa tamu."

"Sikuulizi utamu. Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu."

"Basi nani? Nani mwingine alijua? Sema, ndugu yangu, nakuomba! Nimechoka!"

Gaston alimtazama. Kisha akamtazama Bibi Apolline, aliyekuwa anahangaika na kifungo cha koti lake, akamtazama kwa muda mrefu.

"Kama ni lazima awepo mtu," akasema, "basi niwe mimi."

"Amekiri!" akapiga kelele fundi viatu. "Mmesikia? Amekiri!"

Mzee wa reli akatema mate sakafuni. Gaston akachukua kofia yake akaelekea mlangoni, na hakuna aliyevuta miguu kumpisha. Mtu akamwambia mikate yake kuanzia kesho akale na mkewe. Léontine alikaa chini akalia mbele za watu bila aibu. Dukuduku lilikuwa limemtoka. Alijisikia mwepesi, karibu afurahi, na mama wa posta akaja kumshika bega.

Mwalimu Vauquelin, uso umemsawijika, aliinua mikono kuwatuliza watu. Akamgeukia aliyekuwa mkubwa kuliko wote ukumbini.

"Na wewe, Bibi Apolline, umeionaje filamu yetu?"

Bibi akachangamka. Hakuna aliyekuwa amemuuliza neno kwa siku nyingi.

"Nzuri, mwanangu, nimecheka mpaka basi. Ila wale watu ni wachoyo! Wamechinja, hakuna jirani hata mmoja aliyeonja. Firmin naye alitaka kuniaibisha hivyo hivyo, eti sahani moja. Nikajaza ya pili kimya kimya, nikawapelekea wale vijana wa Kijerumani waliopanga kwenye kona. Walikuwa wamekonda, maskini, na mama zao wako mbali. Gaston huyo alinikimbilia njiani, ananivuta shali nirudi, nikamfokea: wewe yako si umeshapata? Waachie na wenzio."