Mguu wa Babu

Palikuwa na Beberu mmoja, mshika dini kwelikweli. Alisali kwa miguu mitatu, wa nne kaukunja, kama mbuzi wote wa ukoo wake. Siku moja akamkuta Punda kisimani anamshukuru Mungu kwa miguu yote minne.

"Kafiri mkubwa!" akafoka. "Hapa hunywi maji mpaka ukunje mguu!"

Bibi yake, mbuzi kikongwe, akacheka mpaka ndevu zikatikisika. "Mjukuu wangu, mwache mwenzio anywe. Babu yako alikunja mguu kwa sababu alichomwa na mwiba."

Uso ukamshuka Beberu. Punda akainama anywe.

"Ngoja kwanza!" Beberu akapaza sauti. "Kumbe miaka yote hii tumesali nusunusu! Bibi, ule mwiba uko wapi?"