Vipande vya Rangi kwa Revelian

"Ukimpa ile ya kuandika atazimia," alisema Rukaiya, akiisukuma roboti ndogo ya magurudumu katikati ya meza.

Khalfani alilegeza tai. Yeye ni mtu wa kupenda makubwa, na aliamini kwamba roboti huamrishwa kwa maandishi, mstari kwa mstari, mpaka itii. Ile programu nyingine, ya kuburuta vipande vya rangi na kuvipanga kwenye skrini, aliiona ya chekechea.

Lakini ya juzi aliyaona kwa macho yake. Revelian alisahau kufunga mabano tu, skrini ikajaa maneno mekundu, akauliza kwa sauti ndogo kama ameiunguza kompyuta ya shule. Halafu akasema anakwenda kunywa maji. Hakurudi.

Kumwonea huruma walimwonea, ila hofu ilizidi. Mkuu wa shule yao, pale Kawe, alishasema waziwazi: Ijumaa Revelian asipoiendesha roboti mwenyewe mbele ya wazazi, klabu inafungwa na chumba kinarudi kuwa stoo ya madawati mabovu. Rukaiya hakuwa na kitu alichokipenda shuleni kuliko klabu ile. Hata andazi lake lilikuwa limemshinda kumaliza.

"Kichwa anacho," alisema. "Anachoogopa ni kuchekwa. Jana nikampa vipande kimyakimya. Cha kijani, nenda mbele. Cha njano, geuka. Roboti ikaizunguka ndoo mpaka mwisho. Akapiga makofi peke yake, kisha akakohoa, akakaa vizuri."

"Watu watasema anachezea vya watoto."

"Waache waseme. Akishazoea tutampandisha taratibu kwenye kuandika. Sie tunataka aipende kwanza."

Kushindwa na Rukaiya ni jambo ambalo Khalfani hulimeza kwa shida. Mwishowe akakubali, kwa masharti. Hakuna kumcheka. Hakuna kumnyang'anya mausi hata akichelewa vipi, ingawa anaishika kama kipande cha chaki. Na akipatia asifiwe kidogo tu, asije akavimba kichwa.

Mara viatu vikasikika kwenye korido.

Rukaiya alifuta mdomo na kulitumbukiza andazi kwenye begi. Khalfani alikaza tai, akachomekea shati upesiupesi. Mlango ulipofunguka, wote wawili walikuwa wamesimama wima.

"Shikamoo, Mwalimu Revelian."

"Marahaba, wanangu. Kaeni," alijibu mlezi mpya wa klabu, akaufunga mlango taratibu na kuketi kwenye dawati la mbele. "Naombeni leo tuanze na ile ya rangi."