Nne Nukta Moja

Mbele ya mkuu wa kampuni ya michezo ya simu, mgane aliipeleka kete yake ya mwisho ya drafti ya simuni mahali pa kuliwa, makusudi, kama alivyozoea kila asubuhi.

Marehemu mkewe alirekodi sauti yake ndani ya drafti ile, ili mumewe akishindwa asutwe: "Umeliwa tena, baba! Haya, kachemshe chai." Alipofariki, mzee akawa anashindwa kusudi amsikie.

Sasa, badala ya sauti hiyo, simu ilipiga tarumbeta.

"Sauti za wachezaji tulizifuta, mzee wangu," mkuu alisema, kwa ule upole wa watu walioshiba. "Zilijaza nafasi."

"Mbona hamkuniuliza?"

"Lile lilikuwa toleo la nne nukta moja. Tungeliita la tano, simu ingemuuliza kila mtu kwanza, na wengi wangekataa. Toleo dogo hujiingiza lenyewe."

"Kwa hiyo mlijua tutakataa."

Mkuu alikohoa, akanyoosha tai ambayo haikuwa imepinda.

"Nani aliichagua hiyo nukta?"

"Mimi. Lakini ni badiliko dogo tu, mzee."

Wakubwa bwana! Kisu washike wao, na kidonda wakipime wao.

Mzee alipangusa kioo cha simu kwa kiganja, akafungua mchezo mpya wa watu wawili, akaisukuma simu mpaka ikagusa vidole vya mkuu.

"Haya, nile," alisema. "Kisha uniambie wewe nikachemshe chai."