Mama Amepungua Tena

Fundi alifika ghorofa ya tatu ndipo akashtuka kwamba hajapumzika. Miezi minne iliyopita alikuwa akimtua mama yake ghorofa ya kwanza, kisha ya pili, ameshika kiuno, anatweta, majirani wanapita na pole zao. Leo mama alikuwa mgongoni na yeye anapanda kama kabeba blanketi.

Alikuwa fundi wa lifti, na aliishi ghorofa ya nne kwenye jengo lisilo na lifti. Majirani walishachoka kulicheka hilo. Alipoumia mgongo kazini, daktari alimwandikia kazi nyepesi tu, na kampuni ikamtupa stoo kupanga skrubu. Karatasi ya daktari mama aliisoma mwenyewe, kwa miwani, mara mbili. Haukupita muda, kiharusi kikamwangusha mama naye, miguu ikagoma, na kila Jumatatu na Alhamisi ikabidi apelekwe kliniki ya mazoezi, mtaa wa pili.

"Niache nilale zangu ndani, mwanangu. Mgongo wako huo."

"Mama, wewe ulinibeba miezi tisa, na sikuwa mwepesi."

"Kilo nne na nusu," mama alisema siku hiyo ya kwanza, wakacheka hadi mlangoni.

Leo hawakucheka. Kule kliniki muuguzi alikuwa amemkalisha mama kwenye kiti cha mizani, akatikisa kichwa. Hamsini na nane, hamsini na moja, arobaini na sita. Sasa arobaini na nusu. Alimvuta fundi pembeni.

"Vipimo vyote safi, kaka. Damu, kifua, tumbo, kila kitu. Usinielewe vibaya, lakini nyumbani nani anampa chakula?"

Aliyempa chakula ni mkewe fundi, mwanamke mwepesi wa kazi na mzito wa maneno. Alfajiri alipika, akaweka chakula cha mchana cha mama kwenye stuli kando ya kitanda, chini ya dirisha, akaenda zake kushona kiwandani. Jioni alikuta sahani nyeupe, haina hata punje, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kufukuza kunguru dirishani kwa ufagio. Usiku mama alisema bado ameshiba cha mchana.

Dada yake fundi hakuhitaji vipimo. Alishapiga simu mara tatu wiki ile. "Lisemwalo lipo, kaka. Mama anakufa njaa ndani ya nyumba yako, na wewe unalala na anayemuua."

Jioni fundi alifunga mlango wa jikoni ili mama asisikie.

"Sahani inarudi tupu," mkewe alisema. "Kila siku. Muulize mwenyewe."

"Atasema nini? Anakuogopa."

"Mama ananiogopa mimi?"

"Basi niambie, kama anakula, chakula kinaenda wapi?"

Fundi alimwita muuaji. Hasira hasara, kila mtu analijua hilo, lakini mwenye hasira hapewi nafasi ya kulikumbuka. Miaka tisa ya ndoa iliingia kwenye begi moja, na mwanamke akalinyanyua kwa mkono mmoja.

"Siku utakayojua ukweli," alisema mlangoni, "usinifuate."

Mama aliambiwa mkwewe amekwenda kumuuguza ndugu. Jumanne na Jumatano fundi alipika mwenyewe, akaweka chakula kwenye stuli, akaenda kazini. Jioni zote mbili alikuta sahani nyeupe. Moyo ukamtulia, uchungu ukazidi: kumbe akipikiwa na mwenye huruma, anakula. Usiku wa Jumatano alimpigia kaka wa mkewe akamwambia ndoa imekwisha, waje wachukue vilivyobaki.

Alhamisi alimbeba mama hadi kliniki bila kutua hata mara moja. Alikuwa na hamu ya kuiona mizani.

"Thelathini na tisa na nusu," muuguzi alisoma, sauti ikimfifia.

Fundi aliinama kuangalia mwenyewe. Hakuelewa.

"Hebu soma tena, binti," mama alisema.

Binti alisoma tena. Mama alishusha pumzi ndefu, akamshika mwanawe mkono. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo fundi hakuwa ameiona tangu kiharusi.

"Basi mpigie mkeo, mwambie arudi anipikie. Kuanzia leo nitakula. Daktari si alikukataza kubeba kinachozidi kilo arobaini?"