Utando wa Nassoro

Salha ndiye aliyempelekea Profesa Mhina shaka yake: vipimo vya Nassoro, mwenzake wa maabara, vilikuwa vizuri kupita kiasi. Kwa hiyo ndiye aliyepewa kazi ya kuvirudia, mbele ya wote wawili. Vikipishana, Nassoro angefungasha vyake siku hiyohiyo.

Salha aliuweka utando wa Nassoro chini ya mashine ya kupimia. Ulikuwa mweusi, umefumwa kwa mirija ya kaboni isiyoonekana kwa macho, mwembamba hata mwanga ulipenya. Akashusha sindano nne zikaugusa, akapitisha umeme. Tarakimu za ukinzani zikapanda, zikashuka, zikakataa kutulia.

"Unaona," alisema Profesa. "Namba zake hazipo."

Nassoro hakupandisha sauti. "Tumeuinamia sote, mwalimu. Utando huu unahisi hata pumzi."

Hilo Salha hakuwa amelifikiria. "Naomba mnipishe," alisema. "Wote wawili."

Walipotoka alifunga mlango, akarudi nyuma hadi ukutani, akabana pumzi. Tarakimu zikacheza kidogo, kisha zikatulia. Zilikuwa zilezile alizoandika Nassoro.

Salha alizitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akafungua mlango.

"Ni kweli," alisema. "Mimi ndiye niliyekosea."

Profesa aligeuka ampe Nassoro mkono, lakini Nassoro alikuwa ameshapita. Alikuwa ameinama juu ya mashine, akizinyanyua sindano moja moja, taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto miiba. Salha alimwita kwa jina. Hakugeuka.