Mlango Unaokwama

Vijana wa filamu walikuja kupiga picha nyumbani kwangu Mlandege. Mimi nilipangiwa kuwa mume, na rafiki yangu Sosthenes awe hawara. Mke wangu alikuwa jikoni, akiwasongea ugali.

"Leo nakuibia mke mchana kweupe, bwana!" Sosthenes alinitania alipofika.

Najua nimewahi kuwaambia kwamba nilimfukuza chui kule Nyololo kwa kandambili. Lakini hili la leo silitii chumvi.

Mlango wa chumba chetu hukwama. Kabla Sosthenes hajafika, vijana watatu waliusukuma wakashindwa. Ni lazima uinue kitasa, kisha uupige goti chini, polepole. Tunaojua ni mimi na mke wangu.

"Haya, mzee Sosthenes, ingia chumbani kwa kunyata!" mwongozaji wao akaamuru.

Sosthenes akainua kitasa, akaupiga goti chini, polepole. Mlango ukafunguka bila kelele.

"Safi sana!"

Jikoni mwiko ukanyamaza.

"Babu, zamu yako. Mfumanie. Kasirika!"

Chai yangu ilikuwa imefanya utando. Nikautazama.

"Babu, mbona uso mkavu hivyo?"

"Arudie kwanza yeye," nikasema. "Aufungue tena."

Sosthenes akatazama goti lake.