Kamba Zilizovuta

"Nimevichonga mimi, nitavivunja mimi!" Ngwali alifoka, akapasua kiti cha mwisho kwa shoka.

Mize, mkewe, alijivuta hadi kitandani huku damu ikimchuruzika puani. Mbao za kitanda zilikuwa za mumewe, lakini kamba alizisuka yeye, akazitanda zikiwa zimeloa maji ili zikikauka zikaze.

"Hiki usikiguse, Baba Zaitu. Kamba zimevuta."

"Toka!"

Mize akasogea kando. Shoka likazama kwenye ubao wa ubavuni. Ubao ukakatika, kamba zikaufyatua, ukampiga Ngwali usoni, akaanguka chali juu ya vipande vya viti vyake.

Mize aliokota kamba moja. Akaanza kuikunja taratibu kiganjani, akivitazama vidole vya mumewe vilivyokwisha kuanza kuchezacheza.